Ungo, Kopo la Maziwa na Betri: Redio Inayovuka Ziwa

Jioni ya Jumamosi moja, wavuvi wa dagaa katika mwalo wa Igombe, kaskazini ya uwanja wa ndege wa Mwanza, walisimamisha kidogo kazi ya kupanga taa zao ili kuwatazama watu wawili walioshuka garini na mzigo wa ajabu. Kulikuwa na ungo wa televisheni, ule ule wa sentimita 60 unaoonekana juu ya mapaa ya mjini. Kulikuwa na stendi ya miguu mitatu, sanduku la bati lililofungwa kwa mikanda kama la askari anayehama kambi, na betri ya volti 12 ya ukubwa wa tofali. Mmoja wa watu hao alikuwa mzee wa miaka sabini na ushei mwenye kofia ya kufuma. Wa pili alikuwa mwandishi huyu, ambaye kazi yake kubwa siku ile ilikuwa kubeba.

"Shikamoo mzee. Mechi ni saa ngapi?" aliuliza kijana mmoja, akiamini kwamba mwalo umeletewa mpira wa bure.

"Marahaba. Leo hakuna mechi, mwanangu," alijibu mzee bila kuinua macho kutoka katika dira yake. "Leo tunaongea na Ukerewe."

Kijana alicheka. Ukerewe, alisema, mbona inapatikana kwa simu? Mzee naye alicheka, kwani jibu hilo amekwisha kulisikia mara nyingi. Kisha akamwomba asisimame mbele ya ungo.

Kitu alichokuwa akikisimamisha pale ufukoni ni kituo kamili cha redio, chenye uwezo wa kurusha na kupokea sauti katika mikanda minne ya mawimbi mafupi mno ambayo wataalamu huyaita maikrowevu. Chote huingia nyuma ya gari dogo na, kwa kubanana, juu ya pikipiki. Hakina mnara, hakina kampuni, wala hakinunuliwi vocha. Mzee huyu, ambaye ameomba jina lake lisiandikwe, alitumia ujana wake akipanda minara ya simu vilimani kurekebisha mitambo ya aina hiyo hiyo, iliyokuwa mikubwa kama kabati la nguo. Alipostaafu aliamua kuijenga upya, lakini safari hii iwe ya kubebeka.

RIDHAA

Tunafahamu bondia wa ridhaa: hupigana kwa sababu anaupenda mchezo, si kwa sababu analipwa. Vivyo hivyo kuna redio ya ridhaa. Mwenye nayo hatangazi nyimbo wala habari kwa umma, hafanyi biashara hewani, na hafichi maneno yake kwa lugha ya siri. Huzungumza na wenziwe wenye leseni kama yeye, hupima mitambo aliyoijenga kwa mikono yake, na huzidi kujifunza. Mchezo huu una wapenzi karibu katika kila nchi duniani, na kila mmoja ana jina lake la hewani. Majina ya Tanzania huanza na 5H. Enzi za ukoloni yale ya Tanganyika yalianza na VQ3, na wazee wachache wa mchezo huu bado huzitaja herufi hizo kama mtu anavyotaja namba ya nyumba aliyozaliwa.

Leseni hutolewa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, ambayo ina ofisi ya Kanda ya Ziwa hapa Mwanza. Kusikiliza ni jambo moja na kurusha ni jambo jingine, na asiye na leseni hana ruhusa ya kurusha hata neno moja. Zamani, katika nchi nyingi, mwombaji wa leseni ya masafa ya chini alilazimika pia kujua kugonga zile alama za nukta na mistari zinazoitwa Morse. Mkutano wa dunia wa redio uliofanyika Geneva mwaka 2003 uliiachia kila nchi iamue yenyewe kuhusu sharti hilo. Mkutano huo huo ulizihimiza serikali kuwaruhusu watu wa ridhaa wajiandae kusaidia mawasiliano wakati wa maafa. Mwaka uliofuata, mwezi Desemba, bahari ilipofurika na kuvunja kila kitu katika Visiwa vya Andaman, wanaredio wa ridhaa wa India waliokuwa Port Blair kwa ajili ya mchezo wao walijikuta wanapeleka habari za walio hai na waliopotea.

Ziwa letu nalo lina historia ndefu ya redio. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza Wajerumani walikuwa na vituo vya simu ya upepo Mwanza na Bukoba. Waingereza walipoishambulia Bukoba mwezi Juni 1915, kituo hicho kilikuwa miongoni mwa vitu walivyokusudia kuviharibu, wakaviharibu. Mitambo ya siku hizo ilitumia mawimbi marefu ya mamia ya mita na ilihitaji milingoti mirefu. Mawimbi ya sanduku la mzee wetu ni ya sentimita 23, 13, 5 na 3 hivi. Mtu wa Ulaya anaweza kudhani kwamba huo ni ugunduzi wa juzi. Lakini mwaka 1895, mjini Calcutta, mwanasayansi wa India Jagadish Chandra Bose aliyapeleka mawimbi mafupi kama hayo kupita kuta, yakagonga kengele na kulipua baruti mbele ya hadhara.

SANDUKU

Mzee alilifungua sanduku ili nilitazame. Nilitarajia kuona msitu wa nyaya. Nikaona vijisanduku vinne vya aluminiamu vilivyopangwa kama vyombo vya chakula, na katikati yao redio moja ndogo ya kushikwa kwa mkono mmoja.

"Siri iko hapa," alisema. "Huhitaji redio nne. Unahitaji redio moja na wakalimani wanne."

Redio hiyo hufanya kazi katika masafa ya megahezi 144 tu. Kila kijisanduku ni kigeuzi cha mkanda mmoja: huyachukua masafa 144 na kuyapandisha hadi 1296, au 2320, au 5760, au 10368, na mawimbi yanayoingia huyateremsha tena. Ndani ya kigeuzi kuna osileta, yaani chombo kinachotetema kwa mwendo mmoja usiobadilika kama saa ya ukutani. Katika kigeuzi cha mkanda wa juu osileta hutetema kwa megahezi 10224. Jumlisha 144, unapata 10368. Basi. Hesabu ni ya darasa la tatu. Ugumu uko katika kumfanya huyo osileta asiyumbe.

Hapo ndipo mafundi wengi hushindwa. Katika mkanda wa 10368, kosa la sehemu moja tu katika milioni humpeleka mtu kando kwa hezi elfu kumi na zaidi, ilhali sauti ya binadamu inahitaji nafasi isiyofikia hezi elfu tatu. Unaweza ukawa unaita kwa nguvu zako zote na mwenzako ameweka sikio mlango wa nne. Jua la Mwanza likipiga sanduku la bati, osileta hupata joto na kuanza kutembea. Mzee alihangaika na ugonjwa huo mwaka mzima. Alipaka sanduku rangi nyeupe, akaweka kitambaa kibichi juu yake, akalifukia nusu mchangani. Dawa iliyofaa ilitoka juu: setilaiti za GPS, zile zinazoziongoza simu zetu barabarani, hubeba saa za atomiki, na kipokezi kidogo cha ukubwa wa kiberiti huweza kumshika osileta mkono na kumwongoza kwa saa hizo. Tangu siku hiyo hakuna tena aliyembebea kitambaa kibichi.

Namba 1152 ameiandika kwa rangi nyekundu ndani ya kifuniko. Nilimuuliza ni simu ya nani. Akanipa kalamu nizidishe mwenyewe. Mara 2 ni 2304, mlango wa pili na mkanda wa 2320. Mara 5 ni 5760 kamili. Mara 9 ni 10368 kamili. Kwa hiyo osileta mmoja mdogo wa megahezi 1152, akiwekwa juu ya jiwe umbali wa mita mia, mwangwi wake dhaifu husikika katika mikanda hiyo yote na fundi huweza kupima vipokezi vyake bila chombo cha bei kubwa. Mkanda wa 1296 peke yake ndio uliokataa kuingia katika jedwali hilo, naye huupima kwa njia nyingine.

Sehemu iliyonifurahisha zaidi ni antena. Kila mkazi wa Mwanza anapajua Makoroboi, mahali palipopata jina kwa sababu ya mafundi waliogeuza makopo matupu kuwa taa za mafuta. Mzee huyu ni wa ukoo huo kwa tabia, ingawa hana duka pale. Kwa mawimbi ya sentimita 13 alitumia kopo la maziwa ya unga la kipenyo cha sentimita 9 na ushei. Ndani yake alisimamisha kipande cha waya wa shaba cha urefu wa sentimita 3 na kidogo, akakiweka sentimita 6 hivi kutoka chini ya kopo, akakiunganisha na kebo. Kopo hilo likikaa mbele ya ungo, huumwagia mawimbi kama kurunzi inavyomwaga mwanga katika kioo chake. Kwa sentimita 23 alichukua kopo la rangi la lita 4, ambalo husimama lenyewe bila ungo. Kwa mikanda miwili ya juu alikata mabomba ya shaba, la inchi moja u nusu na lile la milimita 22 ambalo mafundi wa maji wanalifahamu. Vipimo hivyo havikubahatishwa. Kopo likiwa jembamba mno wimbi hukataa kuingia; likiwa pana mno huingia na kuanza kujigonga ovyo.

Kuna wanaouliza kwa nini mtu ahangaike hivyo wakati viwanda vipo. Ni swali la haki. Tangu mwaka 2023 kampuni ya Icom ya Japani huuza redio ya aina ya IC-905, inayobeba mikanda kuanzia 144 hadi 5600 katika chombo kimoja, na hufika gigahezi 10 kwa kuongezewa kisanduku. Ni chombo kizuri sana. Lakini bei yake ni ya mtu mwenye fedha za kuchezea, na kikiharibika Ukerewe hakuna wa kukifungua. Kopo la maziwa likipondeka, mama wa nyumba ya jirani analo jingine.

Tahadhari moja ilirudiwa na mzee mpaka nikaizoea kama dua. Asisimame mtu, hasa mtoto, mbele ya ungo unaorusha, na asichungulie mtu ndani ya bomba la antena kuona "kama linafanya kazi". Jicho halina damu nyingi ya kulipoza, na mawimbi haya hupasha joto kama yanavyopasha chakula jikoni kwa wenye majiko hayo. Nguvu ya wati moja ni ndogo, lakini ungo huikusanya.

UPEO

Huikusanya kiasi gani? Katika mkanda wa sentimita 3, ungo wa sentimita 60 huelekeza nguvu mara zaidi ya elfu mbili. Wati moja, ambayo haiwezi kuwasha taa ya kusomea, upande wa pili huonekana kama kituo cha kilowati mbili. Malipo ya faida hiyo ni kwamba mwali wake ni mwembamba, nyuzi tatu na nusu tu. Ukikosea kuelekeza kwa upana wa vidole viwili vya mkono ulionyooshwa, unaongea na samaki.

Tena mawimbi haya hayapindi kufuata dunia kama yafanyavyo yale ya masafa mafupi ya kawaida yaliyotuletea matangazo ya mbali usiku. Huenda moja kwa moja, na dunia ni mviringo. Kanuni ya mzee ni hii: chukua kimo chako kwa mita, tafuta kipeuo chake cha pili, zidisha kwa 4.1, na jibu ni kilometa za upeo wako. Aliye juu ya mwamba wa mita 25 huona kilometa 20 na nusu. Mwenzake aliye mita 16 huona kilometa 16 na kidogo. Kwa pamoja hufikiana katika kilometa 37 hivi. Kutoka Igombe hadi Nansio, Ukerewe, ni kama kilometa 30. Inatosha, lakini hakuna chenji.

Kosa lao la kwanza lilikuwa Capri Point. Ni mahali pa kupendeza, mtu huliona Ghuba ya Mwanza, kisiwa cha Saa Nane na vivuko vikipita, na akilini mwa kila mtu ziwa lote limelala pale mbele yake. Walijaribu kutoka pale wikendi nne na hawakusikia hata mkwaruzo. Mwishowe mzee akachukua ramani na rula. Mstari wa kwenda Nansio ulipita katika vilima na miamba ya Ilemela kabla ya kuliona ziwa la wazi. "Nimefanya kazi ya minara zaidi ya miaka thelathini," alisema, "na nikasahau kuchora mstari." Ndiyo maana tukawa Igombe.

Na Bukoba je? Kutoka Mwanza ni kilometa karibu 180. Hata wote wawili wakisimama juu ya vilima vya mita 100, upeo wao ni kilometa 82 tu. Kwa kanuni, haiwezekani. Lakini ziwa lina ujanja wake. Juu ya maji yenye joto hewa yenye unyevu hujipanga kwa matabaka, na mara nyingine matabaka hayo huyakamata mawimbi na kuyaongoza kama maji katika mfereji, mbali kupita upeo. Wanaredio wa pwani za Mediterania huijua sana hali hiyo. Njia ya pili ni ya kutisha. Dhoruba za Ziwa Victoria huzaliwa hasa usiku, upepo wa nchi kavu unapokutana katikati ya ziwa kutoka pande zote. Matone ya mvua ya wingu kubwa la radi hutawanya mawimbi ya sentimita 3, na watu wawili wasioonana wanaweza wote kulilenga wingu hilo hilo na kusikizana kupitia humo. Sauti hutoka imekwaruza kama ya mtu mwenye mafua. Wingu linalompindua mvuvi ndilo hilo hilo linaloweza kubeba sauti ya mwingine. Mzee anataka kulijaribu, kwa sharti kwamba dhoruba iwe mbali. Likikaribia, hushusha ungo na kuingia ndani ya gari, kwani stendi ya chuma ufukoni ni mwaliko wa radi.

JUU YA UTOSI

Siku nyingine alinikaribisha nyumbani kwake. Ungo ule ule ulikuwa uani, umelalia mgongo, ukitazama juu kama sufuria inayosubiri maji. Nilidhani ameuangusha.

Mwezi Novemba 2018 Qatar ilirusha setilaiti yake ya Es'hail-2. Pamoja na mitambo ya televisheni, ndani yake kulikuwa na kifaa cha kuwapokelea na kuwarudishia sauti watu wa redio ya ridhaa, kilichobuniwa kwa ushirikiano wa wanaredio wa Qatar na wa Ujerumani. Kilifunguliwa kwa matumizi mwezi Februari 2019 na huitwa QO-100. Setilaiti hiyo husimama mahali pamoja juu ya ikweta, katika longitudo ya karibu nyuzi 26 mashariki, kimo cha kilometa zipatazo 36,000. Afrika yote iko chini yake, na Ulaya, na Asia hadi Thailand, na upande wa magharibi hadi Brazil.

Mwanareidio wa Ujerumani huulaza ungo wake kuelekea kusini, akiombea jirani asijenge ghorofa. Sisi wa Mwanza setilaiti hiyo iko karibu juu ya utosi, nyuzi 81 kutoka ardhini, ikiegemea kidogo tu magharibi. Hakuna kilima wala mwembe unaoweza kuizuia. Tatizo letu ni mvua kujaa ndani ya ungo, na wadudu wa ziwani, wale wanaopaa kama moshi, wakiangukia humo. Mzee ameutoboa tundu dogo chini.

Kuipokea ni rahisi ajabu. Kichwa cha kawaida cha dishi, kile mafundi wanachokiita LNB, huyasikia masafa yake ya megahezi 10489 na ushei bila kubadilishwa chochote, na kuyateremsha hadi karibu 740, ambayo kipokezi kidogo cha kuchomekwa katika kompyuta hukiweza. Ungo uliotelekezwa baada ya familia kuhamia king'amuzi kingine unatosha kabisa. Kurusha ndiko kunakohitaji leseni na akili: wati chache za megahezi 2400, kupitia waya wa shaba uliosokotwa kama springi. Springi hiyo husokotwa kinyume cha mkono unaotakiwa na setilaiti, kwa kuwa mawimbi yakigonga ungo hugeuka kama maandishi katika kioo. Mzee aliisokota vibaya mara ya kwanza. Nilipomwonea huruma alisema kila aliyesoma kitabu huisokota vibaya mara ya kwanza.

Alasiri ile nilisikia Kiingereza cha Kiitaliano, Kireno, na mtu aliyekuwa akielezea hali ya hewa ya Afrika Kusini. Mzee aliita. Sauti yake mwenyewe ilirudi baada ya robo ya sekunde, kwa kuwa ilikwisha kwenda juu na kushuka kilometa sabini na mbili elfu. Mjukuu wake, binti wa darasa la tano, alihesabu kwa vidole kisha akauliza kwa nini basi isitumike hiyo hiyo kwa Ukerewe. Mzee alimjibu kwamba setilaiti ni ya watu wengine, na siku wakiizima itakuwa imezimika.

ZIWA

Sasa niseme kwa nini Ukerewe.

Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza ikitokea Bukoba, na mamia ya watu wakafa. Mmoja wao alikuwa mdogo wake mzee huyu. Aliacha mtoto wa miaka minne. Mzee alisimama bandarini siku tatu miongoni mwa umati, na jambo analolikumbuka zaidi ni kwamba kila mtu alikuwa na habari yake na hakuna aliyekuwa na habari. Mtoto yule alilelewa naye, akasoma, na leo anafundisha fizikia katika shule ya sekondari kisiwani. Alikuwa huko Septemba 20, 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka kikikaribia kisiwa cha Ukara. Watu 228 walikufa. Siku mbili baadaye waokoaji walimtoa akiwa hai fundi wa kivuko aliyekuwa amejifungia mahali palipobakia hewa.

Mzee hadai kwamba redio ingezuia lolote katika hayo. Vyombo vile vilibeba kupita kiasi, na hilo haliponywi na antena. Anachosema ni kidogo zaidi. Minara ya simu hujengwa kuhudumia nchi kavu yenye watu. Mvuvi akienda mbali, simu humwacha. Na hata nchi kavu, ajali kubwa ikitokea kila mtu hupiga kwa wakati mmoja na mtandao huelemewa. Angependa kuwe na watu wawili watatu katika kila kisiwa, Ukerewe, Ukara, Kome, Maisome, wenye sanduku na betri, wanaojua kulitumia gizani kwa sababu wamekuwa wakilichezea kila Jumamosi. Nilimwambia kwamba kwa kazi hiyo redio za kawaida za wavuvi na za bandari zingefaa zaidi, maana hazihitaji kulengwa kwa upana wa kidole. Alikubali mara moja. "Lakini hizo huzipati kwa kopo la maziwa. Na mtoto hajifunzi kitu kwa kubonyeza."

Sina hakika kwamba nimekubaliana naye.

Tatizo la jioni ile ya Igombe lilikuwa jingine. Mzee ana leseni. Mwanawe wa Nansio bado anaisubiri yake, na yeye ni mtumishi wa serikali na mwalimu, harushi neno mpaka karatasi ifike. Kwa hiyo huko Nansio alikuwa na nusu tu ya kituo: ungo, LNB, kipokezi na kompyuta ya shule. LNB hiyo aliizungusha robo ya duara katika mshikio wake, kwa sababu kwa volti 12 husikia mawimbi yaliyosimama tu, na yale ya mzee hulala. Ni ujanja wa bure unaochukua nafasi ya kifaa cha kupandisha volti. Majibu yake yangekuja kwa ujumbe wa simu, kwa vocha ya kawaida, jambo ambalo yule kijana wa mwaloni alilifurahia sana.

Jua lilizama. Taa za dagaa zikaanza kuwaka moja moja mpaka ziwa likawa kama mji. Mzee alisoma dira, akasogeza ungo, akakaza nati, akashika kipaza sauti na kutaja jina lake la hewani mara tatu, kisha Igombe, kisha saa. Akaachia. Simu yangu ilikaa kimya kifuani.

Akaita tena. Akasogeza ungo upana wa kidole kuelekea mashariki. Akaita. Wavuvi watatu walikuwa wamesogea, nyuma ya ungo safari hii, bila kuambiwa. Nilitaka kusema kitu cha kumfariji, nikajizuia.

Mara ya tano au ya sita simu ilitetemeka. Nilimsomea kwa mwanga wake: "Kuna mkwaruzo. Unakuja na kupotea."

"Muulize unatembea au umetulia."

Niliandika. Jibu lilikuja: "Unatembea polepole kwenda juu." Ilikuwa LNB yake inayopoa baada ya jua, si osileta wetu. Mzee alivuta pumzi, akainama, akaigusa ile nati kama mtu anayegusa kipaji cha mtoto anayelala. Alitaja jina lake, akahesabu kutoka moja hadi kumi kwa Kiswahili, taratibu, akitenga kila namba. Aliposhusha kipaza sauti, kijana aliyeuliza mechi ndiye aliyeniambia simu imewaka.

"Nimepata saba, nane, tisa. Rudia, Baba."

Mzee akafuta miwani kwa pindo la shati, akarudia.